Maoni Yetu: Posta ya Marekani Irudishe Njia ya Meli

Julai 2025, bei ya kutuma barua nyepesi kutoka Marekani kwenda Tanga, Kisumu au Bujumbura ilifika dola 1.70. Barua nyepesi ni ile isiyozidi aunsi moja, yaani gramu 28: karatasi nne za kawaida pamoja na bahasha yake, basi. Ukichomeka na picha mbili tatu za harusi, mizani inakupandisha daraja na malipo yanapanda nayo. Kwa fedha za kwetu, dola 1.70 ni zaidi ya shilingi 4,000 za Tanzania, au kama shilingi 220 za Kenya.

Hatusemi huo ni wizi. Kuichukua barua kwenye kisanduku cha mlangoni huko Minnesota na kuifikisha kwenye sanduku la posta la Kisumu kwa bei hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, na hakuna kampuni binafsi ya vifurushi inayoweza kuifanya kwa fedha hiyo. Ugomvi wetu na Posta ya Marekani, USPS, una sehemu mbili. Ya kwanza ni namna bei zinavyopanda: kidogo kidogo, mara kwa mara, mpaka mtumaji anashindwa kupanga bajeti. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba njia ya bei nafuu iliyokuwepo kwa miongo mingi, njia ya meli, ilifungwa mwaka 2007 na haijafunguliwa tena. Mtu asiye na haraka yoyote analazimika kulipa nauli ya ndege. Tunataka njia hiyo irudishwe, na ikishindikana kwa vitu vyote, basi irudishwe kwa vitabu na machapisho.

Tuanze na bei. Januari 27, 2013, Posta ya Marekani ilitoa stempu yake ya kwanza ya ng'ambo isiyopitwa na wakati. Ilikuwa ya duara, ina picha ya dunia, na iliuzwa dola 1.10. Ukiinunua leo, itakubaliwa hata bei ikipanda kesho. Pia iliondoa ubaguzi wa umbali: barua ya kwenda Canada, jirani wa mlango wa pili, na barua ya kwenda Zanzibar zikawa zinatumia stempu ile ile. Ulikuwa uamuzi mzuri, na tunausifu.

Miaka saba ya kwanza bei ilitembea kwa adabu. Ilifika dola 1.15 mwaka 2014 na 1.20 mwaka 2015, na Aprili 2016 ikarudi 1.15 baada ya tozo ya muda kumalizika. Stempu kushuka bei Marekani ni jambo lililokuwa halijaonekana kwa karibu miaka mia. Mwaka 2020 ikarudi tena 1.20. Kwa hiyo kati ya 2013 na 2020 bei ya barua ya ng'ambo iliongezeka kwa senti 10 tu.

Kisha mwendo ukabadilika. Agosti 2021 bei ilikuwa dola 1.30. Julai 2022, 1.40. Januari 2023, 1.45. Julai mwaka huo huo, 1.50. Januari 2024, 1.55. Julai 2024, 1.65. Julai 2025, 1.70. Bei ilipanda mara saba katika miaka minne. Ukilinganisha na ile stempu ya kwanza ya 2013, ongezeko ni zaidi ya nusu, na karibu lote limeingia ndani ya miaka hiyo minne.

Sababu zipo, na si haki kuzificha. Barua za daraja la kwanza zilizopita mikononi mwa Posta ya Marekani zilifika zaidi ya bilioni 103 mwaka 2001. Mwaka wa fedha wa 2024 zilikuwa kama bilioni 44. Nyumba za kupelekewa barua hazijapungua, zimeongezeka. Mpeleka barua anapita barabara ile ile, siku sita kwa wiki, akiwa na mkoba mwepesi kuliko wa mwenzake wa zamani, lakini mafuta, gari na mshahara viko pale pale. Shirika hilo halitegemei kodi kuendesha kazi zake za kila siku, linakula linachouza. Hasara ya mwaka wa fedha 2024 ilikuwa dola bilioni 9.5, na ya 2025 dola bilioni 9.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Desemba 2006 ilifunga bei za barua zisipande kupita mfumuko wa bei. Sheria hiyo hiyo ililitwisha shirika mzigo wa kuweka akiba ya matibabu ya wastaafu, zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka, mzigo ambao Bunge la Marekani halikuuondoa mpaka Aprili 2022. Novemba 2020, Tume inayosimamia Posta ililegeza kamba na kuruhusu bei zipande zaidi ya mfumuko. Machi 2021, Postamasta Mkuu wa wakati huo, Louis DeJoy, akaja na mpango wa miaka kumi, na kupandisha bei mwezi wa Januari na wa Julai kukawa desturi.

DeJoy aliondoka Machi 2025. Mrithi wake, David Steiner, aliingia Julai, na Septemba shirika likatangaza kwamba bei za stempu hazitapanda Januari 2026. Kabla ya hapo, Juni 2025, Tume ilikuwa imependekeza kanuni ya kuizuia Posta isipandishe bei za barua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Tunaunga mkono wazo hilo kwa nguvu zote. Mara moja kwa mwaka inatosha. Mwenye duka hujua mwezi wa kodi, mzazi hujua mwezi wa ada; mtumaji wa barua naye anastahili kujua mwezi wa bei mpya.

Lakini senti tano au kumi juu ya stempu siyo zinazoumiza zaidi. Kinachoumiza ni kifurushi, na hapo ndipo lilipo kovu la 2007.

Mei 14, 2007, Posta ya Marekani ilifuta huduma ya meli kwa barua na vifurushi vyote vya ng'ambo. Mpaka siku hiyo, mtumaji alikuwa na uchaguzi. Mwenye haraka alilipia ndege, na mzigo ukafika ndani ya wiki moja au mbili. Asiye na haraka alilipia meli, akasubiri miezi miwili mitatu, na mzigo ukateremka bandarini Mombasa au Dar es Salaam kwa sehemu ndogo ya gharama. Baada ya siku hiyo, wote waliwekwa kwenye ndege. Shirika lilieleza kwamba linarahisisha orodha ndefu ya huduma na kwamba watumaji wa meli walikuwa wamepungua sana. Ni kweli orodha ilirahisishwa. Ila waliopungua hawakuwa wamekwisha.

Waliokuwa bado wanaitumia meli tunawajua. Walikuwa walimu wa kujitolea waliorudi kwao na kukusanyia shule zao za zamani vitabu. Walikuwa makanisa na misikiti. Walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu waliomaliza shahada na kutaka kusafirisha maktaba yao nyumbani. Chombo chao kilikuwa gunia maalumu la machapisho, ambalo watu wa posta waliliita kwa herufi, gunia la M. Unalijaza vitabu na magazeti ya mpokeaji mmoja, mpaka ratili 66, yaani kama kilo 30. Unafunga shingo, unaning'iniza kibandiko chenye anwani na fomu ya forodha, unalikabidhi kaunta. Haliruhusiwi kubeba barua ya siri wala nguo, ni machapisho matupu. Gunia moja la namna hiyo lilitosha kuijaza kabati ya shule ya msingi.

Gunia lenyewe halikufutwa. Kilichofutwa ni safari yake ya baharini. Likapandishwa ndege, na nauli ikapanda nalo mara kadhaa. Kamusi nene ina uzito wa kilo nzima. Atlasi ya darasani ina uzito zaidi. Vitu vya namna hiyo havina haraka: mlima Kilimanjaro hausogei kwa sababu atlasi imechelewa miezi miwili. Kuvitoza nauli ya ndege ni kumwambia mtumaji kwa lugha ya adabu kwamba asitume.

Ndani ya Marekani kwenyewe jambo hili wanalielewa vizuri. Tangu enzi za Rais Franklin Roosevelt, mwaka 1938, vitabu vina daraja lao la bei nafuu, kwa hoja kwamba elimu ikisafiri kwa urahisi taifa zima linafaidika. Daraja hilo lipo mpaka leo, ila linaishia mpakani. Kitabu kikitoka Chicago kwenda Alaska kinahesabiwa kuwa elimu. Kikitoka Chicago kwenda Dodoma kinahesabiwa kuwa bidhaa. Hatuoni sababu ya maana ya tofauti hiyo.

Mabadiliko mengine yalikuja kimya zaidi. Januari 27, 2013, siku ile ile stempu ya duara ilipozaliwa, Posta ya Marekani iliacha kuuza kuponi za kimataifa za kujibia barua. Wasomaji wetu wa umri fulani watazikumbuka. Kuponi hizo zilibuniwa kwenye mkutano wa Rome wa mwaka 1906. Mtu wa ng'ambo anakuandikia, anatia kuponi kwenye bahasha, nawe unaipeleka posta ya kwenu inabadilishwa kuwa stempu ya kujibu. Kwa marafiki wa kalamu, kwa wanafunzi wa masomo ya posta, kwa kijana aliyekuwa akiandikia kituo cha redio cha mbali, kuponi hiyo ilimaanisha kwamba umaskini wake haukuwa sababu ya kunyamaza. Matumizi yake yalikuwa yamefifia, hilo hatukatai.

Januari 2018 ilikuja kanuni nyingine: barua za ng'ambo, hata zile za bahasha kubwa, zibebe karatasi na hati tu. Zamani mama aliyeishi mji wa Columbus aliweza kukunja kanga moja, kuitia kwenye bahasha kubwa na kuituma kwa bei ya bahasha. Tangu hapo kanga hiyo ni kifurushi, na inalipiwa kama kifurushi, pamoja na fomu ya forodha inayotaka kujua ni nini, ina uzito gani, na ina thamani gani. Kanuni hiyo haikuongeza hata senti moja kwenye jedwali la bei. Iliihamisha kanga kutoka safu moja ya jedwali kwenda safu nyingine, na mlipaji akaona tofauti kaunta.

Na hapo kaunta kuna tofauti ya pili. Kampuni kubwa zinazotuma maelfu ya vifurushi zina mikataba yao na Posta na hulipa bei ya makubaliano. Anayenunua lebo mtandaoni naye hupata punguzo. Anayelipa bei kamili ni yule anayekuja na boksi lake mkononi na kupanga foleni. Mara nyingi huyo ni mgeni katika nchi ile: mkimbizi kutoka Kongo aliyepewa makazi mapya miaka miwili iliyopita, mzee asiyejua kutumia kompyuta, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bei ya juu kabisa inamwangukia mwenye uwezo mdogo kabisa wa kuibeba.

Wapo watakaouliza: nani anaandika barua leo? Simu zipo, fedha zinatumwa kwa simu, picha ya mtoto mchanga inamfikia bibi kabla mtoto hajafungua macho vizuri. Ni kweli. Salamu zimehama posta na hazitarudi. Lakini cheti halisi cha kuzaliwa chenye mhuri hakipiti kwenye simu. Hati ya uwakili ya kuuzia shamba, iliyotiwa saini mbele ya wakili, haipiti kwenye simu. Nakala za matokeo ambazo chuo kinataka zifike katika bahasha iliyofungwa hazipiti. Miwani haipiti, kitabu cha hadithi cha mtoto hakipiti. Posta ya ng'ambo imebakiwa na vile ambavyo simu imeshindwa kuvibeba, na ndiyo maana kuvifanya kuwa anasa ni kosa.

Wapo pia watakaosema dunia nzima iko njia hiyo. Denmark ilimaliza kupeleka barua kupitia posta yake ya taifa Desemba 30, 2025, baada ya miaka 400, kwa sababu barua zilikuwa zimepungua kwa asilimia 90 tangu mwaka 2000. Kazi iliyobaki ikachukuliwa na kampuni binafsi. Ikiwa Denmark imefunga, Marekani kupandisha senti chache ni nini? Jibu letu ni kwamba Denmark ni nchi ndogo ambayo serikali yake imehamishia karibu kila kitu mtandaoni, na wapokeaji wa barua zake wengi wako ndani ya Denmark. Marekani ina mamilioni ya wakazi ambao nusu ya ukoo wao uko ng'ambo. Ukitaka mfano wa nchi tajiri, angalia Japan. Posta yake imeendelea kuuza nauli ya meli kando ya nauli ya ndege, na mtumaji anachagua mwenyewe kati ya kulipa na kusubiri.

Kuna upande wa pili wa hesabu ambao ni lazima uelezwe, kwa sababu bei za ng'ambo haziamuliwi na nchi moja peke yake. Umoja wa Posta Duniani ulizaliwa Bern, Uswisi, Oktoba 9, 1874, ukiwa na nchi 22. Waasisi wake walikubaliana kwamba dunia ya wanachama ni eneo moja la posta, kwamba bei iwe karibu moja kila mahali, sentimu 25 kwa barua ya gramu 15, na kwamba nchi inayotuma ibaki na fedha ya stempu. Waliamini kila barua huzaa jibu, kwa hiyo mwisho wa mwaka hakuna anayemdai mwenzake.

Imani hiyo ilivunjika kadiri nchi nyingine zilivyotuma zaidi kuliko zilivyopokea. Mkutano wa Tokyo wa 1969 ukaanzisha malipo ya mwisho wa safari: posta inayotuma inailipa posta inayopokea kwa kazi ya kufikisha mzigo. Nchi maskini ziliwekewa viwango vya chini. Biashara ya mtandaoni ilipopamba moto, viwango hivyo vilileta kituko: kifurushi kidogo kutoka China kilimfikia Mmarekani kwa nauli ndogo kuliko ambayo mfanyabiashara wa mji wa jirani angelipa kumtumia mteja huyo huyo. Oktoba 2018 serikali ya Donald Trump ilitoa notisi ya mwaka mmoja ya kujitoa kwenye Umoja.

Wakati huo aliyekuwa akiongoza sekretarieti ya Umoja ni Mkenya, Bishar Hussein, aliyewahi kuwa Postamasta Mkuu wa Kenya. Mkutano wa dharura uliitwa Geneva Septemba 2019, na nchi zikakubaliana kwamba wapokeaji wakubwa, Marekani ikiwa ya kwanza, wajipangie wenyewe viwango vya vifurushi vidogo. Marekani ilianza Julai 2020. Umoja uliokolewa, lakini tuseme ukweli: aliyeshinda ni mwenye soko kubwa. Mwenye nguvu mpishe.

Agosti 29, 2025 tukaonjeshwa nguvu hiyo tena. Serikali ya Marekani ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, msamaha uliokuwa katika kiwango hicho tangu 2016, na ikataka ushuru ulipwe kabla mzigo haujafika. Notisi ya kufuta kwa dunia nzima ilitolewa Julai 30, mwezi mmoja kabla. Posta nyingi hazikuwa na mfumo wa kukusanya ushuru wa nchi nyingine. Umoja wa Posta Duniani uliripoti kwamba mashirika 88 yalisimamisha huduma zote au baadhi za kwenda Marekani, na kwamba siku ile ya Agosti 29 mzigo wa posta kwenda huko ulikuwa umeanguka kwa asilimia 81 ukilinganisha na wiki moja kabla. Msusi wa kiondo wa Machakos na mchoraji wa tingatinga wa Dar es Salaam, wanaouza kipande kimoja kimoja kwa mteja wa mbali, hawana meli wala mwanasheria. Wana posta tu.

Ndiyo maana hatuwezi kuilaumu Posta ya Marekani na kujisahau. Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yako Arusha, katika jengo refu lililofunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Jengo tunalo. Tunachotaka kuona kutoka humo ni msimamo mmoja wa Afrika kuhusu vitu vitatu: bei za vitabu, notisi ya mabadiliko, na kifurushi cha mtu binafsi. Posta zetu wenyewe, Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao, zina deni lile lile. Mzazi aliyeko Minneapolis anayetaka mwanawe asiisahau lugha anaagiza vitabu vya hadithi kutoka Nairobi au Dar es Salaam, na mara nyingi nauli inaishinda bei ya vitabu vyenyewe. Haitoshi kudai meli irudi kutoka kule kuja huku. Idaiwe pia kutoka huku kwenda kule. Makontena yanatoka Mombasa na Dar es Salaam kila wiki. Kona moja ya kontena kwa machapisho si ombi la ajabu.

Tunajua jibu litakalotolewa Washington: njia ya meli haina faida. Hatuombi faida, wala hatuombi sadaka. Tunaomba daraja linalojilipia lenyewe, polepole, bila ahadi ya siku ya kufika, bila namba ya kufuatilia kama namba hiyo ndiyo inayopandisha gharama. Makubaliano ya posta ya kimataifa tayari yanatambua kwamba si kila mzigo ni biashara: maandishi ya wasioona yamesamehewa ada ya posta, na hakuna shirika lililofilisika kwa sababu ya msamaha huo. Kama nafasi imepatikana kwa maandishi ya nukta nundu, nafasi ya kitabu cha shule nayo itapatikana, tena cha kulipiwa.

Madai yetu, basi, ni haya. Bei za ng'ambo zibadilike mara moja kwa mwaka, kwa tarehe inayojulikana, na zitangazwe angalau miezi mitatu kabla. Jedwali la bei libandikwe kaunta kwa maandishi yanayosomeka, likionyesha bei ya kaunta kando ya bei ya mtandaoni, ili anayelipa zaidi ajue kwamba analipa zaidi. Kanuni inayohamisha mzigo kutoka daraja moja kwenda jingine, kama ile ya kanga ya 2018, ihesabiwe kuwa ni kupandisha bei na ipite mlango ule ule wa ukaguzi. Na vitabu, magazeti na machapisho virudishiwe njia ya meli.

Kwa msomaji aliyeko Marekani, tuna mawili ya kusema. Stempu za duara zisizopitwa na wakati hazina siku ya kuharibika. Bei mpya ikitangazwa, nunua zako kabla ya tarehe. Ukituma kifurushi, linganisha bei ya kaunta na ya mtandaoni, na kama kompyuta inakushinda, mwombe kijana wa nyumbani akusaidie. La pili ni kubwa zaidi. Kila Posta ya Marekani inapotaka kubadilisha bei, Tume inayoisimamia hufungua shauri na kupokea maoni ya wananchi. Kampuni kubwa huwa hazikosi nafasi hiyo. Zina mawakili wa kazi hiyo tu. Jumuiya za Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda zina viongozi, zina mikutano ya kila mwezi, na zina watu wanaojua kuandika. Shauri lijalo likifunguliwa, andikeni. Elezeni mnatuma nini, kwa nani, na kwamba mko tayari kusubiri miezi mitatu.